Cicely Saunders: Muuguzi aliyewafundisha madaktari kutuliza maumivu ya saratani

KATIKA hospitali nyingi za Uingereza miaka ya 1950, mgonjwa wa saratani isiyopona alipewa dawa kali pale tu maumivu yalipomzidi. Madaktari waliiogopa mofini, wakiamini mgonjwa angekuwa mraibu. Hivyo alisubiri, akaomba, akachomwa sindano na kulala. Akiamka, maumivu nayo yamerudi.

Cicely Saunders ndiye aliyeongoza mabadiliko ya utaratibu huo. Alizaliwa Juni 22, 1918, Barnet, kaskazini mwa London, katika familia yenye uwezo. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza aliacha masomo Oxford, akasomea uuguzi katika Hospitali ya St Thomas'. Maumivu ya mgongo yalimtoa wodini, akawa ofisa ustawi wa jamii hospitalini.

Mwaka 1948 alimhudumia David Tasma, mkimbizi Myahudi kutoka Poland, aliyekuwa akifa kwa saratani mbali na kwao. Walizungumza mara kwa mara kuhusu nyumba ambayo mtu kama yeye angemalizia siku zake bila mateso. Tasma alimwachia pauni 500, akitaka awe dirisha katika nyumba hiyo.

Saunders akajitolea katika nyumba ya wagonjwa ya St Luke's, ambako mofini ilitolewa kwa mdomo kwa saa maalumu. Alipotaka kuieneza njia hiyo, daktari wa upasuaji Norman Barrett alimshauri asomee udaktari, la sivyo asingesikilizwa. Aliingia darasani akiwa na miaka 33, akahitimu mwaka 1957.

Mwaka uliofuata alianza utafiti katika hospisi ya St Joseph's, London. Kumbukumbu alizozitunza zilionyesha kuwa mgonjwa akipewa mofini kila baada ya saa nne, kabla maumivu hayajarudi, hutulia huku akili yake ikiwa timamu, na uraibu ni nadra. Alifundisha pia kwamba maumivu si ya mwili peke yake: hofu, upweke, shida za familia na maswali ya roho huyaongeza.

Hakuyaweka matokeo hayo kabatini. Mwaka 1959 aliandika mfululizo wa makala katika jarida la wauguzi, kisha akahutubia Uingereza na Marekani. Mwaka 1967 alifungua Hospisi ya St Christopher's kusini mwa London, ambako tiba, utafiti na mafunzo vilikwenda pamoja.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu ya saratani unaosisitiza dawa ya mdomo, kwa saa, na kwa ngazi kulingana na ukali wa maumivu. Afrika Mashariki, Hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990. Mwaka 1993, Dk Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, iliyoeneza mofini ya maji ya bei nafuu. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika.

Saunders alifariki dunia Julai 14, 2005, akihudumiwa St Christopher's, ambako dirisha la Tasma lipo hadi leo. Somo lake bado halijakwisha: dawa haimfai mgonjwa ikiwa anayeiandika anaiogopa, au ikiwa ndugu anayemuuguza anaificha akidhani inaharakisha kifo.