Askofu Josiah Kibira: Mchungaji Katika Dhiki

Kitabu cha miaka mia moja ya usharika wa Kemondo hakiwezi kumpita Marehemu Baba Askofu Josiah Kibira. Alizaliwa Kashura, Bukoba, tarehe 28 Agosti 1925. Mwaka 1947 aliguswa na Uamsho uliokuwa ukienea Afrika Mashariki, akamkiri Kristo hadharani. Mwaka 1964 aliwekwa wakfu kuwa Askofu, akimrithi Bengt Sundkler wa Uswidi.

Mwezi Juni 1977, jijini Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Heshima hiyo haikumkinga na machungu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia kaskazini mwa Mto Kagera, na watu wakakimbilia kusini kwa maelfu, wakiacha nyumba na migomba yao.

Kisha ukaja ugonjwa wa Parkinson, ambao hutetemesha viungo na kuufanya ulimi kuwa mzito. Tukumbuke kwamba huyu alikuwa mhubiri. Sauti ndiyo iliyokuwa jembe lake. Wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa mwenye imani ya kutosha hana budi kupona. Wapo walioombewa wakapona, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Baba Askofu hakupona. Hata hivyo, mwaka 1984, mwili ukiwa umekwisha kudhoofika, alisafiri hadi Budapest, Hungaria, kwenye Mkutano Mkuu wa Fungamano, akaumaliza utumishi wake wa urais mbele ya wajumbe wa mataifa.

Alilala katika Bwana tarehe 18 Julai 1988.