Gobori la Selous na amana ya anayelishindilia

Wengi wetu tunalijua jina la Selous kwa ile mbuga kubwa ya Tanzania, ambayo sehemu yake tangu 2019 inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mimi nilianza kumfuatilia mwenye jina kwa sababu ya gobori. Marehemu babu yangu alikuwa nalo, la kufukuzia nguruwe shambani, na siku moja ya haraka lilimpotezea vidole viwili.

Frederick Courteney Selous alizaliwa London tarehe 31 Disemba 1851. Alishuka Algoa Bay, Afrika Kusini, Septemba 1871, akiwa na miaka 19 na pauni 400. Bunduki yake nzuri iliibiwa njiani. Mwaka 1872 alipomwomba Mfalme Lobengula wa Wandebele ruhusa ya kuwinda ndovu, mfalme alimcheka kwa utoto wake, kisha akamruhusu.

Silaha aliyoimudu ilikuwa magobori mawili ya bei nafuu kutoka Birmingham, yenye mitutu laini ndani. Risasi yake ilikuwa donge la mviringo la gramu 113 hivi. Baruti aliichota kwa kiganja kutoka mkoba wa ngozi kiunoni, akashindilia huku akikimbia. Kwa misimu mitatu aliangusha ndovu 78 kwa namna hiyo.

Siku moja gobori lilikataa kuwaka. Alimrudishia mshika bunduki wake, naye katika pirikapirika akashindilia baruti na risasi nyingine juu ya zile za kwanza. Selous alipofyatua, alirushwa hewani akaanguka uso mchangani, na gobori likaruka nyuma yake. Kitako kilivunjika, shavu likachanika, na mkono wa kulia haukuinuka.

Alipona, lakini baadaye alijuta kuyatumia magobori yale, kwani mateke yake yalimharibia utulivu wa kulenga. Alihamia bunduki za kisasa na kuwa mwindaji mashuhuri. Mwaka 1915, akiwa na miaka 63, alishuka Mombasa na kikosi cha Waingereza kupigana na Wajerumani. Tarehe 4 Januari 1917 risasi ilimpiga kichwani huko Beho Beho, karibu na Rufiji. Alizikwa hapo hapo.

Wanaomsifu humtaja yeye na ndovu wake. Mimi namfikiria yule mshika bunduki, ambaye mikononi mwake palikuwa na roho ya mtu. Baada ya ajali yake, babu hakushindilia tena bila kwanza kutumbukiza mdeki mtuputupu: ukiishia juu ya alama aliyoichonga, ndani mna kitu. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kila ushikapo chombo kitakachotumiwa na mwenzio, kiwe gobori, breki ya gari au mtungi wa gesi, hiyo ni amana, na amana huulizwa.