Joginder Singh: Bingwa Aliyetoka Mvunguni

Likitajwa jina la bingwa wa mbio za magari, watu wengi huukumbuka mguu wake wa kulia, ule wa kukanyagia mafuta. Leo mimi nataka niitaje mikono yake. Joginder Singh, yule Singasinga wa Kenya aliyeshinda mashindano ya Safari mara tatu, alikuwa fundi kabla hajawa dereva mashuhuri, na kwa maoni yangu ufundi ndio uliomfikisha alikofika.

Nimelifikiria sana jambo hili kwa sababu ya vijana wa jua kali wa Kawangware na Kibera, hapa Nairobi. Ukipita Barabara ya Naivasha mpaka Dagoretti Corner, kisha ukashuka upande wa Kibera, utawakuta wamelala chini ya magari, nguo zimelowa oili, spana mkononi. Huko huletwa magari ya kwenda mbio, Subaru hasa, ili yaongezwe nguvu. Kijana huifungua injini, akaifunga tabo kubwa zaidi, yaani ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Akabadili bomba la moshi, akaziteremsha springi gari likakaribia ardhi. Ni kazi ya ustadi, nami huistaajabia. Lakini nimeona zaidi ya mara moja gari likiondoka na nguvu mpya juu ya breki kuukuu. Fundi alisema, mwenye gari akakataa kulipa, kwani breki hazina mngurumo wa kujivunia mbele za watu.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Joginder. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, katika ukoo uliotoka Punjab. Alianza kushika spana angali kijana. Baadaye akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akawa mtu wa doria: kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia walioharibikiwa. Madrasa gani ingemfaa zaidi? Madereva wengine walijua jinsi gari linavyokwenda. Yeye alijua vilevile jinsi linavyokufa. Aliona springi iliyokatika kwenye korongo, sumpu iliyotobolewa na jiwe, rejeta iliyochemka mlimani. Waswahili tunasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bwana huyu aliinama kwelikweli.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, katika masika, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, mwendo wa yapata kilomita 5,000. Vumbi leo, kesho matope ya kufika milangoni. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 vilevile. Basi pima mwenyewe, ndugu msomaji, uzito wa hesabu hii: Joginder alianza Safari mara 22, akamaliza mara 19.

Ushindi wake wa kwanza ulikuwa mwaka 1965, akiwa na nduguye Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544, nalo halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha tumiwa na timu ya kiwanda katika Safari ya 1964, bila ushindi. Umbo lake lilikuwa la kizamani, mgongo wa mviringo, na mwaka huohuo wa 1965 kiwanda kiliacha kuliunda. Wenye pesa walikuja na magari mapya na mafundi wa kutoka ng'ambo. Joginder alilichukua lile kuukuu, akalitengeneza, akaondoka wa kwanza kwenye mstari, akarudi mshindi. Kitu walichokiona wengine kuwa kimekwisha, yeye alikiona kuwa hakijaangaliwa vizuri.

Inafaa tufahamu namna gari la Safari lilivyotengenezwa. Nguvu ya injini haikutangulia. Kwanza bodi iliongezwa mikanda ya kuchomelea ili isipasuke. Chini ya injini kilifungwa kinga cha chuma kuilinda sumpu. Springi na shokamzoba zilibadilishwa kwa zile nzito. Mabomba ya breki na ya petroli yalipitishwa mahali ambapo jiwe haliwezi kuyafikia. Chujio la hewa lililindwa na vumbi na maji ya mito. Kila bolti ilikazwa, ikatazamwa, ikakazwa tena. Yote hayo yakiisha ndipo injini ilipoongezwa nguvu, tena kwa kiasi, maana injini iliyobanwa mno haifiki mbali katika joto na vumbi.

Mwaka 1974, Safari ilipofanyika ndani ya Kenya peke yake, Joginder alikuwa na Mitsubishi Lancer ya 1600, na msaidizi wake David Doig. Aliyemfuata nyuma alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi, akiendesha Porsche 911, gari la michezo hasa, lenye injini kubwa kuliko Lancer ile. Lancer ikashinda, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwaka 1976 akashinda tena yeye na Doig, na Lancer zikashika nafasi zote tatu za juu. Akawa mtu wa kwanza kuipata Safari mara tatu. Baadaye Shekhar Mehta alimpita, akaifikisha mara tano.

Joginder alifariki London mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Vijana wengi wanaofungua injini leo Kawangware hawakuwa wamezaliwa alipopata ushindi wake wa mwisho. Wamerithi ufundi wake wa kukifufua kilichotupwa, na hilo si dogo. Kilichobaki kiko mikononi mwa wenye magari. Barabara ya Ngong si njia ya mashindano. Ina watoto wa shule, akina mama wenye vikapu na wazee wanaokwenda msikitini Makina. Gari unalompelekea fundi ni amana, na roho zitakazopishana nalo ni amana kubwa zaidi. Fundi akikwambia breki kwanza, mlipe breki kwanza.