Luigi Broglio: Mtaliano aliyepima hewa ya angani kutoka Ghuba ya Ungwana

MTO Tana ukishaipita Garissa huteremka hadi Kipini, ambako humwaga maji yake katika Ghuba ya Ungwana. Katika ghuba hiyo, upande wa Ngomeni, ndiko Profesa Luigi Broglio alikosimika jukwaa lake la kurushia roketi miaka ya 1960.

Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, mwaka wa 1911. Alikuwa mhandisi, afisa wa jeshi la anga la Italia na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Rome. Swali lililomshughulisha lilionekana dogo: huko juu kunakodhaniwa kuwa hakuna kitu, hewa imesalia kiasi gani? Hewa hiyo, ingawa ni nyembamba mno, hukipunguzia kasi chombo kinachoizunguka dunia na hatimaye kukiangusha.

Baromita ya kawaida isingefaa. Broglio alibuni mizani: tufe lenye ganda jepesi nje na kiini kizito ndani, vikishikanishwa kwa mikono inayonesa. Hewa ilipolisukuma ganda, lilisogea kidogo sana, na msogeo huo ndio uliopimwa.

San Marco 1 ilirushwa na Waitaliano kutoka Wallops, Marekani, Desemba 15, 1964. Hata hivyo, Broglio alitaka setilaiti izunguke juu ya ikweta, na ndipo Kenya ilipomfaa.

Mnamo Aprili 26, 1967, San Marco 2, tufe la kipenyo cha sentimita 66, lilipaa kutoka Ungwana. Wakati huo, Garissa na Kaskazini Mashariki nzima ilikuwa chini ya hali ya hatari kutokana na vita vya Shifta, na wafugaji walikuwa wamelazimishwa kuishi katika vijiji vilivyolindwa na wanajeshi. Habari za roketi hazikuwa na nafasi kubwa huko. Setilaiti iliteketea Oktoba 1967, ikiwa imeburutwa chini na hewa ile ile iliyotumwa kuipima. Mwezi huo huo Kenya na Somalia zilitia saini mkataba wa Arusha.

San Marco 3 ilifuata Aprili 24, 1971, siku 5 baada ya Wasovieti kurusha Salyut 1, kituo cha kwanza cha angani. Ndani ya vituo kama hivyo, ala hupima shinikizo la hewa bila kukoma, na king'ora hulia likishuka. Wanaanga watatu waliotoka Salyut 1 walifariki Juni 30, 1971, vali ya chombo chao ilipofunguka na hewa kuvuja yote; hawakuwa na mavazi ya kuwakinga. Hatari ya nje ni ya polepole, nayo ndiyo aliyoipima Broglio. Kwa sababu yake, Kituo cha Kimataifa, kilichoko takriban kilomita 400 juu, husukumwa juu kila baada ya muda.

Setilaiti ya mwisho kurushwa kutoka Ungwana iliondoka Machi 1988, ikiwa na mizani yake. Broglio alifariki Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 89. Kituo cha Ngomeni sasa kina jina lake.