Barry Fitzgerald, Karani Aliyekuwa Mwigizaji

Ayalandi ni kisiwa katika bahari ya Atlantiki, upande wa magharibi wa Uingereza. Ni nchi ya mvua nyingi na majani mabichi. Mwaka 1960 askari wa nchi hiyo walifika hata Goma, wakiwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa. Mji wake mkuu ni Dublin. Katika mji huo, tarehe 10 Machi 1888, alizaliwa mtoto aitwaye William Joseph Shields. Baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina jingine: Barry Fitzgerald.

William alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye haya nyingi. Mwaka 1911 alipata kazi ya ukarani katika ofisi ya serikali. Watu waliisifu kazi hiyo, kwa maana mshahara haukuchelewa, na mtu hakuhofu njaa ya uzeeni.

Lakini katika mji ule palikuwa na nyumba ya michezo ya kuigiza, jina lake Abbey, iliyofunguliwa mwaka 1904. Arthur, mdogo wake, alitangulia kuingia humo, naye William akamfuata. Mchana alishika kalamu ofisini, usiku akasimama mbele ya watu akiigiza. Kwa kuwa hakutaka wakubwa wake wamjue, akajipa jina la Barry Fitzgerald.

Inasimuliwa kwamba mara moja, hapo mwanzo, alipewa maneno machache tu ya kusema. Alipofika mbele ya watu, ulimi ukamteleza, akachanganya herufi za maneno hayo. Watu wote wakacheka. Mwingine angaliona aibu na kuacha. Yeye alijifunza jambo: kwamba alikuwa na kipawa cha kuchekesha watu.

Wakati huo palikuwa na mwandishi maskini jijini Dublin, jina lake Sean O'Casey, ambaye alikuwa amefanya kazi za mikono kwa miaka mingi. O'Casey aliandika habari za watu wa mitaa ya maskini. Mwaka 1924 Fitzgerald aliigiza katika mchezo wake uitwao Juno and the Paycock. Alikuwa baba mvivu na mwenye majivuno, ambaye kila aliposikia habari za kazi, miguu yake ilianza kuuma. Watu walicheka sana, kisha wakanyamaza kwa huzuni walipoona jinsi uvivu wake ulivyoiharibu nyumba yake.

Mwaka 1926 ulitokea mchezo mwingine wa O'Casey, The Plough and the Stars, juu ya vita vya Dublin vya mwaka 1916, watu wa mji walipowaasi Waingereza. Arthur mwenyewe alikuwa amepigana katika vita hivyo, akafungwa. Watu wengine waliudhika, maana waliona kwamba mchezo huo unawadharau mashujaa waliokufa. Usiku mmoja wakapiga kelele, wengine wakapanda jukwaani ili kuuzuia mchezo. Fitzgerald, yule mtu wa haya, alimpiga mmoja wao ngumi akamwangusha chini. Polisi wakaitwa, na mchezo ukaendelea mpaka mwisho.

Hata hivyo asubuhi alirudi ofisini kama siku zote. Aliishi hivyo miaka mingi, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Hatimaye, mwaka 1929, alipokuwa na miaka 41, ilimpasa kuchagua. O'Casey alikuwa na mchezo mpya wa kuonyeshwa London. Kama angekwenda, angepoteza mshahara wake wa hakika, na mwigizaji hajui atakula nini mwezi ujao. Fitzgerald akaacha ukarani, akaenda.

Mwaka 1936 akavuka bahari kwenda Marekani kuigiza katika sinema. Hakuwa kijana mzuri wa sura, basi mara nyingi hakupewa nafasi ya kwanza. Alipewa watu wa pembeni: mtumishi, mzee wa kijiji, mlevi. Lakini kila mmoja alimfanya kuwa mtu kamili, hata watazamaji waliporudi nyumbani walimkumbuka.

Mwaka 1944 sinema yake Going My Way ilionyeshwa. Humo alikuwa Padri Fitzgibbon, paroko mzee mwenye hasira ya upesi na moyo mwema. Parokia yake ina madeni, na padri kijana anatumwa kuitengeneza. Mwishoni mzee anamkumbatia mama yake, ambaye hakumwona kwa miaka mingi. Fitzgerald mwenyewe alikuwa mtoto wa Waprotestanti, lakini watu waliomtazama walimwona padri wa kweli.

Kwa kazi hiyo alipewa sanamu ya Oscar mwaka 1945. Kwa sababu ya vita, sanamu za miaka ile hazikutengenezwa kwa madini, bali kwa plasta. Siku moja Fitzgerald alikuwa nyumbani akijizoeza kucheza gofu, akaipiga sanamu yake, kichwa kikakatika! Akapewa nyingine.

Mwaka 1951 alirudi Ayalandi kuigiza katika sinema The Quiet Man, katika kijiji kiitwacho Cong, jina linalokaribia jina la nchi yetu. Humo alikuwa mshenga, na Arthur alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti. Sinema hiyo ilionyeshwa mwaka 1952.

Barry Fitzgerald alikufa Dublin mwezi wa Januari 1961, mwenye miaka 72. Hakuoa. Alizikwa katika mji uleule alimozaliwa.

Watu wengi hudharau kazi ndogo, wakingoja kubwa. Fitzgerald alianza na maneno machache, tena akayakosea. Lakini hakuona kwamba nafasi yoyote ni ndogo mno kwake, naye aliifanya kila moja kwa moyo wote.

Maswali
1. Kwa nini William alijipa jina jingine?
2. Mwaka 1929 alipoteza nini, akapata nini?
3. Sanamu yake ilivunjikaje?
4. Wewe umepewa kazi gani ndogo nyumbani au shuleni? Unaifanyaje?