Humphrey Bogart: Nyota aliyeinuliwa na kazi waliyoikataa wenzake

NOVEMBA 2013, sanamu ya ndege mweusi iliyotengenezwa kwa madini ya risasi iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 4 za Marekani.

Katika filamu ilikotumika, The Maltese Falcon ya mwaka 1941, ndege huyo ni bandia. Watu wanadanganyana na kuuana wakiamini ni kipanga wa dhahabu na vito, kumbe ni risasi tupu iliyopakwa rangi.

Filamu hiyo ndiyo iliyomtoa Humphrey Bogart katika kundi la waigizaji wa kujazia nafasi.

Bogart alizaliwa New York Desemba 25, 1899, baba yake akiwa daktari na mama yake mchoraji. Alifukuzwa shule, akajiunga na Jeshi la Wanamaji mwaka 1918, kisha akaangukia kwenye maigizo ya jukwaani.

Alipata nafasi katika filamu ya The Petrified Forest ya mwaka 1936 kwa sababu mwigizaji Leslie Howard aligoma kucheza bila yeye. Bogart hakuusahau wema huo. Miaka mingi baadaye alimpa binti yake jina la Leslie.

Hata hivyo, kampuni ya Warner Bros. iliendelea kumpa nafasi za majambazi wanaopigwa risasi kabla filamu haijaisha. Kazi nzuri zilipelekwa kwanza kwa George Raft.

Raft ndiye aliyetakiwa kucheza kama mpelelezi Sam Spade katika The Maltese Falcon. Alikataa. Riwaya hiyo ya Dashiell Hammett ilikuwa imeshatengenezewa filamu mara mbili, na mwongozaji, John Huston, hakuwa amewahi kuongoza filamu hata moja. Bogart, akiwa na umri wa miaka 41, aliipokea.

Huston alijua kuwa hatapewa nafasi ya pili akikosea. Alichora kila tukio kwenye karatasi kabla kamera haijawashwa, na sehemu kubwa ya filamu ikapigwa kwa mfuatano wa hadithi yenyewe. Kazi ilianza Juni na kumalizika Julai, kwa gharama isiyofika dola 400,000.

Mzee mnene mwenye uchu wa ndege huyo alichezwa na Sydney Greenstreet, mkongwe wa jukwaani aliyekuwa na miaka 61 na hajawahi kusimama mbele ya kamera. Mary Astor alikuwa akikimbia kuzunguka studio kabla ya kupigwa picha, ili sauti yake itoke na pumzi ya mtu mwenye jambo la kuficha.

Nahodha anayeingia ofisini na mzigo wa ndege kisha kuanguka na kufa ni Walter Huston, baba wa mwongozaji, aliyecheza bila malipo. Mwanawe alimrudisha kuanguka tena na tena kwa utani.

Filamu ilipotoka, Bogart akawa nyota. Mwaka uliofuata alicheza Casablanca.

Miaka kumi baadaye, Huston alimleta Afrika kutengeneza The African Queen. Walipiga picha Congo, iliyokuwa chini ya Ubelgiji, kisha Butiaba kwenye Ziwa Albert na Maporomoko ya Murchison, Uganda.

Hadithi yake ni ya Afrika Mashariki ya Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Meli ya kivita iliyomo inatokana na Graf von Götzen, ambayo wafanyabiashara wa Kigoma na Mpulungu wanaijua kama MV Liemba.

Huko kazini boti ilizama ikalazimika kuopolewa, na wengi waliugua malaria na kuhara, akiwamo Katharine Hepburn. Bogart na Huston walibaki wazima, wakidai kinga yao ilikuwa wiski.

Mwaka 1952, kazi hiyo ilimpa Bogart tuzo yake pekee ya Oscar.

Alifariki Januari 14, 1957 kwa saratani ya umio, akiwa na miaka 57. Aliyesoma wasifu wake siku ya maziko ni John Huston, mwongozaji mgeni ambaye Raft hakutaka kufanya naye kazi.