Askofu Josiah Kibira na Amani ya Moyo Uliotubu



Usharika wetu wa Babati unapomshukuru Mungu kwa kutimiza miaka 100, imetupasa kuwakumbuka pia baba zetu wa imani ambao maisha yao ni shule kwetu. Sura hii inamhusu mmoja wao, Askofu Josiah Mutabuzi Kibira wa Bukoba, aliyezaliwa mwaka 1925 na kulala katika Bwana mwaka 1988. Hakuwa mzaliwa wa huku kwetu, wala hakuwa askofu wa eneo letu. Hata hivyo yeye ni wa Kanisa zima, nasi tuna haki ya kumhesabu miongoni mwa wazee wetu.

Wakristo wengi humfahamu kwa cheo chake, kwamba alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Cheo hicho ni heshima kubwa kwa KKKT. Lakini kusudi la sura hii si kuhesabu vyeo. Tunataka kujifunza jinsi moyo wa mtu unavyoweza kutulia, na jinsi tabia njema inavyojengwa ndani yake. Wengi wetu hudhani kwamba amani ya moyo ni kukosa matatizo, na kwamba tabia njema huja yenyewe kadiri umri unavyosogea. Maisha ya Kibira yanatufundisha vinginevyo. Amani huzaliwa na toba, na tabia njema ni toba iliyorudiwa kila siku hadi ikawa mazoea.

Mtoto wa Kanisa la Bukoba

Josiah Kibira alizaliwa tarehe 28 Agosti 1925 katika kijiji cha Kashenye, Bukoba, katika nchi ya Wahaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Kanisa lililomlea lina historia ya pekee. Kabla wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani hawajafika mwaka 1910, tayari walikuwapo Wahaya walioisikia Injili nchini Uganda, wakarudi nayo nyumbani na kuanza kusoma na kusali pamoja. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari, kundi lile changa halikutawanyika. Wakristo wenyeji, akiwamo Andrea Kajerero, walilichunga katika miaka ya upungufu mwingi. Hivyo Kibira alikulia mahali ambapo Ukristo haukuhesabiwa kuwa mali ya mgeni. Nasi tunaowakumbuka wainjilisti wetu wa kwanza, waliotembea kwa miguu vijiji kwa vijiji, tunaielewa vema historia ya namna hiyo.

Kijana Josiah alisoma, akawa mwalimu wa shule. Katika zama zile mwalimu wa shule ya misheni alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Alivaa vizuri, alijua kusoma na kuandika barua, na Jumapili alisimama mbele ya watu. Mtu wa namna hiyo angeweza kuishi maisha yake yote akihesabiwa kuwa Mkristo mwema bila mtu yeyote kumuuliza habari za moyo wake.

Uamsho: kutoka gizani na kutembea nuruni

Aliyemuuliza ni Uamsho. Vuguvugu hili lilianza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, likaenea Bukoba, Kenya na sehemu nyingine za Tanganyika. Wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka, na wimbo wao wa Kiganda wa Tukutendereza ukajulikana Afrika Mashariki yote. Kibira aliguswa na Uamsho akiwa kijana, na tangu hapo hadi mwisho wa maisha yake hakuacha kujihesabu mmoja wa ndugu hao.

Ni vema kizazi cha leo kielewe desturi za ndugu hao. Walikutana mara kwa mara, wakasoma Neno, kisha kila mmoja akaiweka roho yake wazi mbele ya wenzake. Hawakusema kwa ujumla tu kwamba sisi sote ni wenye dhambi. Aliyeiba alitaja alichoiba na kukirudisha kwa mwenyewe. Aliyemchukia ndugu alimwendea nyumbani kwake. Mume alimwomba mkewe radhi, jambo lililokuwa gumu sana kwa wanaume wa wakati ule, na bado ni gumu kwa wanaume wa leo. Waliita maisha hayo kutembea nuruni. Maana yake ni kwamba mtu asiye na jambo la kuficha hana pia la kuogopa. Hapo ndipo amani ilipopatikana, kwa sababu nguvu nyingi za mtu hupotea katika kulinda siri na kutetea heshima yake.

Haifai kuusifu Uamsho bila kutaja hatari zake. Baadhi ya waliookoka walianza kuwahukumu wachungaji na Wakristo wenzao, na wengine wakajitenga na Kanisa. Toba inaweza kugeuzwa kuwa cheo, mtu akajivunia unyenyekevu wake. Kibira alibaki ndani ya Kanisa, akaiheshimu Sakramenti na utaratibu wake, na wakati huohuo hakuwaacha ndugu zake wa Uamsho. Kwa kubaki pande zote mbili alionyesha kwamba moto na meko vyote vinahitajika. Naye Martin Luther, alipoandika hoja zake 95 mwaka 1517, aliifanya toba kuwa hoja ya kwanza, akifundisha kwamba ni jambo la maisha yote ya Mkristo.

Ukoo wa damu na ukoo wa ubatizo

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Kibira alikwenda Bethel, Ujerumani, kusoma theolojia. Baada ya kubarikiwa kuwa mchungaji, alisoma tena katika Chuo Kikuu cha Boston, Marekani. Mwaka 1964 akawekwa wakfu kuwa askofu, akichukua nafasi ya Askofu Bengt Sundkler wa Sweden, aliyekuwa pia mwanahistoria mashuhuri wa Kanisa la Afrika. KKKT yenyewe, iliyozaliwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuungana kwa makanisa saba, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Elimu ya ng'ambo haikumfanya ayadharau mambo ya kwao. Mwaka 1974 alitoa kitabu kwa Kiingereza kuhusu Kanisa, ukoo na ulimwengu. Alijua kwamba kwa Mhaya, kama ilivyo kwa makabila mengi ya Afrika, mtu hajulikani nje ya ukoo wake. Ukoo humlea, humwoza, humzika na kumlipia deni. Kanisa linalohubiri kana kwamba kila mtu ameshuka peke yake kutoka mbinguni halitamfikia mtu huyo. Lakini ukoo una ukuta pia. Aliye ndani hulindwa hata akikosa, na aliye nje huonewa hata akiwa na haki. Kwa hiyo ubatizo humwingiza mtu katika ukoo mpya ambao damu yake ni ya Kristo, na mlango wake haufungwi kwa kabila lolote.

Jambo hili linatugusa sisi wa Babati kuliko tunavyokiri. Mji wetu uko njia panda, chini ya Mlima Kwaraa, kwenye barabara za kwenda Arusha, Dodoma na Singida. Wagorowa, Wairaqw, Wabarbaig, Wambugwe, Warangi na wageni wa kila upande wamekutana hapa, na katika madhabahu moja hupokea mkate mmoja. Je, tunapochagua wazee wa kanisa, tunatazama ukoo upi? Mipaka ya mashamba inapogombaniwa, tunasimama na ndugu wa damu au na mwenye haki? Tabia ya Kikristo hupimwa hapo, baada ya ibada kwisha na watu kurudi majumbani.

Katika kiti cha juu

Mwezi wa Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano Mkuu wake Dar es Salaam, wa kwanza katika bara la Afrika. Fungamano hilo lilikuwa limeanzishwa Lund, Sweden, mwaka 1947, na marais watano wa kwanza walitoka Sweden, Ujerumani, Marekani na Finland. Katika mkutano huo Askofu Kibira alichaguliwa kuwa Rais. Baada yake ilipita miaka mingi, hadi 2017, ndipo Mwafrika wa pili, Askofu Musa Panti Filibus wa Nigeria, alipochaguliwa.

Mkutano huohuo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika unaigusa imani yenyewe, na kwamba Kanisa haliwezi kuutazama kama jambo la siasa tu. Mwaka 1984 huko Budapest, mwishoni mwa kipindi cha Kibira, Mkutano Mkuu uliofuata uliyasimamishia uanachama makanisa mawili ya Wazungu wa kusini mwa Afrika ambayo hayakuukataa ubaguzi huo waziwazi. Yalirejeshewa uanachama mwaka 1991. Tunajifunza hapa kwamba amani ya Kikristo si kunyamazia uovu ili tusigombane. Ndugu aliyekosa huambiwa ukweli, na mlango huachwa wazi ili apate kurudi.

Jambo jingine la kutafakari ni hili. Wakati Kibira akiwa Rais wa Walutheri duniani, Mkuu wa KKKT alikuwa Askofu Sebastian Kolowa. Kwa hiyo aliporudi nyumbani kutoka Geneva, Kibira aliketi katika vikao vya Kanisa lake kama askofu mmojawapo, chini ya uongozi wa mwingine. Tumewahi kuona watu waliopata cheo kidogo mjini wakashindwa kuketi kwenye mabenchi ya jumuiya zao.

Miaka ya majaribu

Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, yaani eneo la dayosisi ya Kibira. Watu waliuawa, ng'ombe wakaporwa, nyumba zikaharibiwa, na daraja la Kyaka likabomolewa. Vita viliendelea hadi mwaka 1979. Kwa Mkristo wa Bukoba jaribu lilikuwa zito mara mbili, maana Injili ilimfikia kupitia Uganda, na Uamsho vilevile. Adui sasa alitoka kulekule walikotoka ndugu. Hata hivyo asiyesahau angekumbuka kwamba mnamo Februari 1977 Amin alikuwa amemwua Askofu Mkuu Janani Luwum, mtu wa Uamsho, na kwamba Waganda wenyewe walikuwa wakilia. Kanisa lilipaswa kufariji waliofiwa bila kuwafundisha chuki.

Kabla majeraha hayo hayajapona, mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huohuo wa Kagera. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, na hofu ikaingia katika kila nyumba.

Katika miaka hiyohiyo mwili wa Askofu ulianza kudhoofika. Alipatwa na maradhi ya Parkinson, ambayo hushambulia ubongo, yakaitetemesha mikono, yakakaza viungo na hata kuififisha sauti. Kwa mhubiri ni msalaba mzito, maana huchukua taratibu vyombo vyake vya kazi. Katikati ya miaka ya 1980 aliiacha kazi ya uaskofu, na tarehe 18 Julai 1988 alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 62. Alimwacha mkewe, Martha, pamoja na watoto wao.

Fundisho kwetu

Mtu aliyejenga amani yake juu ya sauti yake nzuri huipoteza siku sauti inapokwisha. Aliyeijenga juu ya cheo huipoteza siku ya kustaafu. Amani ambayo Kibira aliitafuta tangu ujana wake ilikuwa juu ya msingi mwingine, yaani kusamehewa, na msamaha hautetemeki pamoja na mikono.

Tunapoingia katika miaka mingine 100, kila nyumba na ijiwekee desturi tatu. Kwanza, jua lisizame kabla mume na mke hawajaombana radhi. Pili, katika jumuiya zetu tusiombe maombi ya jumla tu, bali aliyemkosea mwenzake na amfuate kabla ya kuiendea Meza ya Bwana. Tatu, wazazi na waungame makosa yao mbele ya watoto, kwa sababu mtoto hujifunza kutubu kwa kumwona mkubwa akitubu. Desturi hizi hazihitaji fedha za mfuko wa usharika wala ruhusa ya kikao, na zaweza kuanza jioni ya leo.

Mungu wa amani na awatulize mioyo, awafanye kuwa watu wa toba na wa furaha, sasa na katika miaka yote ijayo. Amina.